Bizari Haifiki Machoni

Kuna asubuhi za Julai hapa kwetu, juu kidogo ya Maua, ambazo mtu huamka asijue kama ameamka kweli. Ukungu hushuka kutoka milima ya Nyambene ukaingia uani bila hodi, ukalalia migomba na mashamba ya miraa, na jogoo huwika ndani yake usimwone. Asubuhi kama hizo mimi nilikuwa naamshwa na harufu. Si ya chai. Ni maziwa yanayochemka na kitu cha udongo ndani yake, kitu kikavu chenye ukali kidogo mwishoni. Hapo nilijua jirani yangu Mzee Kailemia yuko mekoni, na watu wameanza kumfikia na vikombe vyao.

Mwanamume mekoni, ndiyo. Usicheke, sisi tulicheka mpaka tukachoka. Kwetu Igembe mwanamume akionekana anachungulia sufuria, wenzake humuuliza kama mkewe amekufa au amemtoroka. Wa Kailemia alikuwa amekufa, kwa hiyo hata kichekesho chenyewe kilitushinda kumalizia. Naye hakujali. Alisimama pale na aproni yake ya zamani, mikono imebadilika rangi mpaka kwenye viganja, akikoroga polepole kana kwamba sufuria ile ndani yake kuna mtu amelala.

Mimi naitwa Karimi, lakini watu huniita Mama Joyline. Sina mdomo mtamu na sijawahi kudai ninao. Nikisema habari za mtu huyu nitazisema zilivyo, hata pale zinaponivua nguo mimi mwenyewe.

Alikwenda mjini Meru akiwa kijana wa miaka kumi na tisa, kubeba saruji katika duka la Mhindi mmoja. Wiki moja mpishi wa nyumba akaugua, yeye akaitwa ndani amenye viazi. Alikaa jikoni humo miaka thelathini na mmoja. Aliyemweka si mwenye duka, ni mama yake mwenye duka, bibi mfupi wa sari nyeupe ambaye nyumba nzima ilimwita Ba. Alikuwa akiketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni na kuamuru kwa kijiko, kwa Kiswahili chake cha jikoni kisicho na haraka wala ngeli.

Somo la kwanza lilikuwa la damu. Kailemia alijikata kidole akikata kitunguu, akataka kukimbilia duka la dawa. Ba akamkamata mkono, akafungua kopo la bizari ya manjano, ile tunayotia kwenye mchuzi ili uwe na rangi, akaumwaga unga juu ya kidonda na kukibana kwa kitambaa. Kiliwasha, alisema, kisha kikalala. Kesho yake kilikuwa kimefunga mdomo. Tangu siku hiyo aliacha kuiona bizari kuwa rangi ya mchuzi.

Akajifunza kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, akisikiliza huku akikanda unga wa chapati. Maziwa ya moto na bizari na pilipili manga iliyopondwa, kwa kifua na mafua, na pilipili manga isisahaulike, maana ndiyo inayoifungulia bizari mlango. Bizari na chokaa kidogo, ipakwe ikiwa moto kwa kiungo kilichoteguka. Bizari na samli kwa visigino vilivyopasuka. Bizari na asali kwa koo. Ba alimwambia kwamba kwao elimu hiyo inaitwa Ayurveda, ni ya zamani kuliko mji wowote anaoujua yeye, na kwamba ndani ya kila mtu kuna upepo, kuna moto na kuna maji. Mtu huugua kimojawapo kinapowazidi wenzake. Bizari hukausha maji na kuamsha moto, ndiyo sababu humpi kila mtu. Mwenye moto mwingi ukimwongezea moto, utafanya nini naye?

Ba alipofariki, nyumba ile ikahama nchi, naye Kailemia akarudi kwao. Alishuka hapa na sanduku moja, kinu cha jiwe, na mizizi ya bizari iliyofungwa kwenye gazeti lenye maji. Akang'oa mistari miwili ya miraa, akapanda bizari. Miraa! Watu walikuja kutazama kama wanakuja kutazama ajali. Shamba linalolisha watoto mpaka chuo kikuu, mtu analitoa kwa kiungo cha mchuzi. Mimi mwenyewe nilisimama kwenye ua nikamwambia kwamba jua la mjini limemwingia kichwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza magoti yangu yana umri gani. Nikamwambia yana umri wangu. Akasema hapana, yananitangulia kama miaka ishirini.

Ndivyo alivyonikamata. Alinipaka dawa ile ya moto siku tisa mfululizo, akinihoji mambo ambayo hata marehemu mume wangu hakuwahi kuniuliza: ninalalaje, naota nini, tumbo langu huamka saa ngapi. Siku ya kumi nilipanda mlima kwenda kanisani bila kushika kiuno. Basi nikawa mtu wake, na mdomo wangu nikauhamishia kwa wale waliokuwa bado wanamcheka.

Ila alikuwa mgumu, na hilo mliweke akilini. Kobia, dereva wa pikapu za miraa, alimjia na kikohozi cha miezi miwili akitaka maziwa. Kailemia alimkatalia hata kiti, akamwambia aende akapimwe kifua siku hiyo hiyo. Ilikuwa TB, na Kobia alipopona alikuwa akipiga honi tatu za salamu kila akipita. Mwalimu mmoja mstaafu anayemeza vidonge vya kulainisha damu hakupewa hata kijiko, kwa kuwa bizari nayo hulainisha damu na viwili hivyo havikai nyumba moja. Ukimuuliza amejuaje, alisema Ba humjia ndotoni, hukaa kwenye kile kigoda chake na kumvuta sikio akikosea. Alisema hivyo bila kutabasamu, na wewe ukisimama pale katika mvuke na ukungu ulikuwa unaamini, hata ukageuka kutazama kama kigoda kipo.

Sasa Joyline. Ni mtoto wangu wa pekee. Aliolewa na Munyi, kijana wa Embu anayetunza mitambo ya maji katika shamba la maua kule Timau. Timau kuna baridi ya kukausha masikio, kwa hiyo tulikubaliana kwamba akikaribia kujifungua aje kwangu, akae mwezi mmoja, mtoto apate joto. Alijifungulia hospitali hapa Maua usiku wa kuamkia Jumatatu, na jioni ya siku hiyo hiyo wakaruhusiwa, mama mzima, mtoto mzima, wa kiume. Wakamwita Adrian. Jina hilo lilinisumbua ulimi, lakini mtoto mwenyewe sikuwa na neno naye.

Jioni hiyo nilimvua nguo nimfute kwa maji ya vuguvugu. Niliona paji lake la uso lina umanjano mwembamba sana, na ncha ya pua. Mtoto hajamaliza hata siku moja duniani. Nikampeleka dirishani, lakini nje kulikuwa na ukungu tu. Nikajiambia ni balbu. Nikamfunga vizuri nikamrudisha kwa mama yake, sikumwambia mtu.

Kilichokuwa kichwani mwangu ni Jumamosi. Jumamosi Waembu walikuwa wanakuja kumwona mtoto. Mjue mimi na mama yake Munyi, Wambeti, tumekuwa na ubishi tangu siku ya posa, ubishi wa kuchekeana. Yeye husema Wameru tuna hasira za bure, mimi humwambia Waembu husalimu kwa saa nzima ndiyo maana hawamalizi kazi. Nilitaka afungue blanketi aone mjukuu anayeng'aa. Na huyu wangu ngozi ilikuwa inabambuka begani na kwenye miguu, kama wafanyavyo wachanga wengi, nami nikaona ni aibu.

Nilikumbuka hadithi za Kailemia. Katika ile nyumba ya mjini bibi harusi hupakwa bizari na malai, ile krimu ya maziwa, na unga wa dengu mpaka anawaka, na watoto nao husingwa hivyo hivyo. Jumanne asubuhi nikavuka ua, nikamwomba anitengenezee ya mtoto.

Akaacha kukoroga. Aliniuliza mtoto ana siku ngapi, nikamwambia ya pili. Akatikisa kichwa.

"Siku arobaini," akasema. "Kabla ya hapo mtoto hapakwi kitu, Mama Joyline. Hana maneno. Ngozi ndiyo inayomsemea, na ukiipaka umemziba mdomo."

Nilimwambia wanawake wa kwetu wamelea watoto kabla Ba hajazaliwa. Akasema ni kweli, na akarudi kwenye sufuria yake. Nikasema moyoni, mpishi huyu sasa amejifanya askofu. Nikakaa kidogo, nikashika goti, nikaguna. Nikamwambia baridi hii imeniamshia magoti. Alinitazama kwa muda, kisha akaingia ndani akaniletea kopo limejaa.

Sina cha kujitetea. Nililibeba kopo lile chini ya shali, nikaenda kuchanganya na malai ya ng'ombe wangu. Joyline alikuwa kitandani, amechoka, macho mazito. Aliniuliza kama Mzee Kailemia amekubali. Nikamwambia, "Kopo hili si amenipa yeye?" Naye akafumba macho akiamini, kwa sababu mimi ni mama yake.

Zile siku nne nazikumbuka kama ndoto, na hata sasa sijui niziite nzuri au mbaya. Ukungu haukuinuka. Madirisha tulifunga, jiko la makaa liliwekwa mlangoni, na nyumba nzima ikajaa harufu ya maziwa na bizari. Wanawake wa jirani walikuja na thamosi za ucuru, uji wetu wa wimbi uliochachuka, wakaketi, wakamsifu mtoto. Mmoja alisema nimepata mjukuu Mhindi. Tulicheka kwa sauti ndogo ili tusimwamshe, na hakuamka. Kila asubuhi nilimfuta na kumpaka upya, na kila asubuhi alikuwa mtulivu kuliko jana. Halii, nikawaambia watu kwa majivuno. Analala tu. Jumatano alinyonya kidogo. Alhamisi Joyline alilalamika kwamba mtoto anashika titi na kuliachia, nikamwambia ni bizari inampumzisha, watoto wa nyumba ile walilala hivyo. Hilo nililitunga hapo hapo. Ijumaa nami nililala mchana kutwa pembeni yao, joto la makaa likinifunika, nikaota niko katika jikoni la mjini nisilowahi kuliona, na bibi mfupi kwenye kigoda ananisemesha nami sisikii neno.

Jumamosi Waembu wakafika. Wambeti alikuja na wanawake watatu, viondo vya ndizi, na thamosi zao. Alifungua blanketi, akaona mjukuu anang'aa, akapiga kigelegele cha chini chini. Akasema mtoto ametoka upande wake. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Tukamimina chai.

Kailemia alitokea mlangoni tukiwa katika chai hiyo. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, ameshika kuku wa zawadi kwa miguu. Kwa kawaida wanaume hawaji mapema hivyo kumwona mtoto, lakini yeye alishazoea kuwa mahali ambapo wanaume hawapo. Alisalimu wageni. Kisha akanusa. Nilimwona akinusa, nikaweka kikombe chini.

Aliweka kuku chini, akamsogelea Joyline, akamtazama mtoto bila kumgusa. Akauliza kwa upole analala tangu lini. Joyline akasema analala sana, tangu Jumatano. Akauliza ananyonya. Machozi ya Joyline yakaanza.

Mimi nikasimama. Nilimwambia asiniaibishe mbele ya wageni, mtoto amelala, aje siku nyingine. Sauti yangu ilikuwa kali, na Wambeti aliinamisha macho ndani ya kikombe. Kailemia akanawa mikono kwa maji ya birika, akaifuta, akamchukua mtoto, akatoka naye mpaka kizingitini ambako palikuwa na mwanga. Mtoto alining'inia mikononi mwake, hakukunja hata vidole. Akamfungua jicho moja kwa kidole gumba, taratibu. Akanitazama.

"Bizari haifiki machoni, Mama Joyline," akasema. "Njoo uone."

Nikaenda, nikaona. Weupe wa jicho la mjukuu wangu haukuwapo. Palikuwa na manjano mazito, na ndani ya jicho hilo hakuna aliyetutazama.

Kobia alikuwa amesharudi kutoka safari ya alfajiri, pikapu yake iko barabarani tupu, majani ya migomba yaliyofungiwa miraa yametapakaa nyuma. Kailemia alimwambia maneno mawili tu. Joyline na mimi tulikaa mbele na mtoto, mzee akapanda nyuma na koti lake la kanisani, akashikilia vyuma. Watu husema madereva wa miraa wana wazimu. Siku hiyo nilimwomba Mungu awazidishie wazimu. Kobia aliteremka zile kona bila breki, honi mkononi, na mimi niliweka kidole chini ya pua ya mtoto njia yote nisikie kama kuna pumzi. Majuto ni mjukuu, husemwa, na wangu alikuwa mapajani.

Hospitalini nesi aitwaye Purity alimlaza mezani, akalowesha pamba, akamfuta kifuani. Pamba ikatoka njano. Akafuta tena, na tena, mpaka pamba ikatoka nyeupe, na ngozi iliyobaki chini yake ilikuwa njano vile vile. Akauliza, nani amempaka mtoto huyu.

Joyline alikuwa analia. Akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, akasema ni dawa ya huyo mzee, anayetibu kwa bizari.

Purity alimgeukia Kailemia akamwambia maneno ambayo nisingependa kuambiwa hata na adui. Kwamba watu kama yeye ndio wanaojaza makaburi ya watoto. Kwamba nywele nyeupe si akili. Mzee alisimama pale ameshika kofia kifuani, akayapokea yote. Nilimngoja aseme si yeye. Niliogopa atasema. Hakusema, nami nikanyamaza, na nitakwambia ukweli, kwa dakika ile nilihisi nafuu.

Daktari akaja, kijana, anaongea haraka. Alipima, akatoa damu, akatwambia mambo kwa lugha rahisi. Umanjano huu unatoka ndani ya damu, na ukizidi huingia ubongoni. Kuna wa kawaida ambao huanza siku ya tatu, na huo taa za buluu huumaliza. Kuna mwingine unaoanza siku ile ile ya kwanza, damu ya mama na ya mtoto zinapogombana, na huo hauna subira, pengine damu ya mtoto itabidi ibadilishwe. Majibu ya maabara yatachukua muda. Yeye anataka kujua sasa hivi ni siku gani rangi ilianza, ili aanze kutayarisha.

Joyline akasema hajui. Angejuaje? Tangu Jumanne mtoto alikuwa na rangi ya kopo.

Daktari akatoka kupiga simu. Mimi nikatoka nyuma yake, nikasimama kwenye ujia, nimeegemea ukuta. Nilitaka kulala. Ukungu ulikuwa umefika mpaka madirisha ya hospitali, na kila kitu kilikuwa mbali, hata miguu yangu. Kailemia alikuja akasimama kando yangu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Lawama nitaibeba," akasema. "Nina mgongo wa kuibeba. Lakini siku siwezi kuzibeba, sizijui. Unazijua wewe."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hiyo nimewaambia watu wengine miaka yote, tena kwa sauti kubwa. Nilirudi ndani. Daktari alikuwa amerudi, Joyline ameinama juu ya meza, nesi anamfungia mtoto bomba la dripu. Nikasema mbele yao wote. Nilisema mzee alinikataza. Nilisema nilimdanganya nina maumivu ya magoti ndipo akanipa kopo. Nilisema mimi ndiye niliyepaka, kila asubuhi, siku tano. Na nikasema lile lililokuwa chini kabisa: kwamba Jumatatu jioni, kabla sijampaka chochote, niliuona umanjano kwenye paji na puani, nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kuonyesha mtoto.

"Jumatatu? Una hakika?" daktari akauliza.

Nikamwambia nina hakika. Hakungoja nimalize. Alikwisha kutoka, akiita watu kwa majina, na ujia ukajaa miguu inayokimbia.

Joyline alinigeukia. Nilitegemea kelele, maana ni mtoto wangu na hasira yake ni yangu.

"Siku tano, Mama," akasema tu.

Walimbadilishia damu kabla jua halijatua. Kisha wakamweka ndani ya kisanduku chini ya taa za buluu, macho yamefunikwa kwa kitambaa, na tukaruhusiwa kutazama kupitia kioo. Chumba kile kilikuwa kimya. Katika mwanga ule mtoto hakuwa na rangi yoyote tunayoijua, hakuwa njano wala kahawia, na kifua chake kilipanda na kushuka, kidogo kidogo. Nilisimama hapo saa nyingi kwa siku tatu. Nesi Purity alimwomba mzee radhi siku ya pili. Akamjibu kwamba aliyoyasema ni kweli, isipokuwa tu amekosea mtu wa kuambiwa.

Joyline hakunisemesha. Alipita kando yangu akienda na kurudi, na nilipompa chai aliipokea kwa mkono mmoja. Kailemia alikuja kila siku na thamosi ya maziwa matupu, hayana kitu ndani. Alikaa nami kwenye benchi. Siku ya tatu nilimwomba msamaha, nikamwambia kwamba nimechafua jina lake na sheria ya Ba.

Alitazama mikono yake.

"Unafikiri ile sheria ya siku arobaini ilitoka kwenye kitabu?" akaniuliza. "Ba alimsinga binti yake wa kwanza siku ya tatu. Kulikuwa na sherehe. Watu walimsifu mtoto kwa rangi."

Akafunga kifuniko cha thamosi, akakikaza.

Jumanne mchana Adrian alilia. Tulimsikia tukiwa benchini, sauti kali, ya njaa, ya mtu aliyekasirika kwa haki, na Kailemia akacheka mpaka akatoa kitambaa. Alhamisi wakaturuhusu. Daktari alisema mtoto arudi apimwe masikio akifikisha miezi mitatu, kwa kuwa umanjano mwingi unaweza kuyagusa, na kwamba saa zile chache tulizookoa Jumamosi zilikuwa na maana kubwa.

Nilikuwa nimefua shali yangu laini, nikasimama nayo mlangoni mwa wodi, nimeitandaza mikononi. Joyline akatoka amembeba mwanawe. Mtoto alikuwa na rangi yake mwenyewe, kahawia ya kawaida, ngozi ya begani bado inabambuka, macho wazi, anatazama dari. Nikanyoosha mikono.

Joyline alinipita. Akaenda mpaka kwa Kailemia, aliyekuwa amesimama mbali kidogo na kofia yake, akamwekea mtoto kifuani.

"Nishikie, Juju," akamwambia, kama mtu anavyomwita babu yake. "Nataka kuvaa koti."

Akavaa koti, polepole, kifungo kwa kifungo. Kisha akaokota mkoba wa nepi chafu sakafuni, akanipa mimi. Niliuweka begani juu ya ile shali, nikawafuata nje.